Paswedi za root na adimini chuoni: tunaanzia wapi kabla ya kununua mfumo wa dola?

Mtu_wa_Seva

Wakuu habari za majukumu. Naombeni mawazo kwa wale mnaofanya kazi vitengo vya TEHAMA vyuoni au mliowahi kupita huko.

Chuo chetu ni cha umma, kitengo kina watu tisa ukijumlisha na mkuu wa kitengo, na kila mwaka tunapokea vijana wa fildi. Hali ya paswedi zile kubwa iko hivi: kuna faili la Excel kwenye foda ya kushea, humo ndani kuna root (akaunti yenye mamlaka yote) ya seva zote, Administrator wa domeini (mtandao wa Windows unaosimamia kompyuta za chuo kwa pamoja), swichi, faiawoli, databesi ya matokeo, yaani kila kitu. Faili lina paswedi yake lakini hiyo paswedi nayo iko kwenye grupu la WhatsApp la kitengo, ukipanda juu kidogo unaikuta. Seva karibu zote root ni moja. Kuna mwenzetu alihamia taasisi nyingine kitambo tu, anazijua zote, na mpaka leo hazijabadilishwa kwa sababu kila mtu anaogopa, wanasema ukigusa ya databesi mfumo wa matokeo unagoma, na wa malipo nao kontroo namba hazitoki.

Sasa mkaguzi wa ndani kaleta hoja. Alitaka kujua nani aliingia kwenye seva ya matokeo tarehe fulani, logi (kumbukumbu za seva) zinasema root, basi. Menejimenti imeshtuka, na kuna venda ameshaleta profoma ya mfumo wa kutunza paswedi, bei kwa dola, inameza bajeti ya kitengo ya mwaka mzima. Bosi anataka maoni kabla ya kikao. Mimi naona ugonjwa wetu hautibiki kwa kununua ila nahitaji hoja za kumpa. Tunaanzia wapi? Na hili la kubadili paswedi ya databesi bila kuangusha mfumo linawezekana kweli?

Fundi_Mkongwe

Mkuu hoja unayo tayari, iko kwenye swali la mkaguzi wenu. Hakuuliza paswedi mnazitunza wapi, kauliza nani aliingia. Hata mkinunua hiyo sefu ya dola, kama watu tisa mtaendelea kuingia wote kama root basi logi itaendelea kusema root. Siku alama za mwanafunzi zikibadilishwa usiku, wote tisa ni watuhumiwa na hakuna hata mmoja anayeweza kujitetea. Hilo ndo la kumwambia bosi, na waambie na wenzako wanaoona ni usumbufu, kwamba akaunti ya jina lako inakulinda wewe kwanza.

Kwahiyo kazi ya kwanza haina gharama. Kila mtu awe na akaunti mbili, ya kawaida ya imeili na kuandika barua, na ya pili ya uadimini, mfano asha na adm-asha. Kwenye Linux hakuna kuingia moja kwa moja kama root, unaweka PermitRootLogin no kwenye sshd_config (mpangilio wa SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali), mtu anaingia kwa jina lake na funguo zake za SSH halafu anatumia sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root, na kila amri ya sudo inaandikwa kwenye /var/log/auth.log kama ni Ubuntu au Debian, au /var/log/secure kama ni familia ya Red Hat. Ila hizo logi msiziache kwenye seva hiyohiyo, mwenye root anaweza kuzifuta. Zipelekeni kwa rsyslog (programu ya kusafirisha logi) kwenye seva nyingine ambayo wanaoingia ni wawili tu, na ikiwezekana mmoja wao asiwe mtu wa seva kabisa.

Kabla ya hapo lakini hesabuni mna akaunti gani, na hapa msifanye haraka maana ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye Windows piga net group "Domain Admins" /domain uone majina, nakuhakikishia utakuta mtu wa zamani, utakuta akaunti iliyofunguliwa na mkandarasi aliyefunga mfumo wa maktaba, utakuta "test". Kwenye Linux fungua /etc/sudoers na faili za authorized_keys za kila mtumiaji, funguo ya mtu aliyehama inakaa pale inamsubiri, na ukibadili paswedi yeye bado anapita.

Halafu kuna zile watu wanazisahau kila siku. Iwe iLO au iDRAC nyuma ya seva (kifaa cha kuisimamia seva kwa mbali), wengi wanaiacha na paswedi ya kiwandani wakati mwenye hiyo anaizima na kuiwasha seva hata kama root huna. Akaunti ya vCenter, inayosimamia seva zenu za mtandaoni (virtual). Akaunti ya bakapu. Adimini mkuu wa Google Workspace au Microsoft 365. Adimini wa Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni. Akaunti ya msajili ambako domeini yenu ya tovuti, ile ya .ac.tz, imelipiwa, mara nyingi imefunguliwa kwa Gmail binafsi ya mtu aliyestaafu, na mwenye hiyo anaweza kuhamisha tovuti na barua pepe za chuo chote. Mpaka ukurasa wa Facebook wa chuo. Andikeni kila moja na jina la mtu mmoja anayewajibika nayo.

Nuru_TZ

Naunga mkono hapo juu, ila niongezee kitu ambacho bosi wako akikisikia ataelewa haraka kuliko habari za sudo. Mwambie asome kilichowakuta Chuo Kikuu cha Maastricht kule Uholanzi, wenyewe waliweka hadharani ripoti ya uchunguzi iliyofanywa na Fox-IT, kampuni ya usalama wa mtandao.

Katikati ya Oktoba 2019 mtu mmoja alifungua kiungo kwenye barua pepe ya kitapeli. Wavamizi wakaingia kimyakimya, wakawa wanatembea ndani ya mtandao wiki hata wiki, wakakuta seva ambayo haikuwekewa masasisho, na kufika tarehe 21 Novemba walikuwa na haki kamili za uadimini kwenye domeini nzima. Tarehe 23 Desemba, watu wako likizo ya Krismasi, wakaachia programu ya Clop, ile ya kufunga mafaili na kudai fidia, seva 267 zikafungwa. Bakapu za mifumo kadhaa muhimu zilikuwa kwenye mtandao uleule, nazo zikafungwa. Chuo kikalipa bitcoin 30, karibu euro laki mbili, maana vinginevyo ilikuwa kujenga kila kitu upya huku wanafunzi wana mitihani. Mwaka 2022 polisi walifanikiwa kurudisha sehemu, ila hakuna chuo cha kukaa kusubiri bahati ya namna hiyo.

Angalieni ni nini kiliwapa nguvu. Barua pepe ile peke yake ingeharibu kompyuta moja au mbili. Kilichokiangusha chuo ni wavamizi kupata haki za uadimini wa domeini nzima.

Na vyuo vyetu tunaziacha haki hizo mahali pa hatari kila siku. Printa ya sekretari wa idara imegoma, fundi anashuka, kompyuta inaomba idhini ya kuinstoli draiva, anaandika Administrator wa domeini, printa inafanya kazi, anashukuriwa anaondoka. Lakini Windows inaposhughulikia kuingia kwako inabaki na alama za utambulisho wako kwenye memori, kwenye ile prosesi ya LSASS, na kama kompyuta ile ina kirusi tayari kuna programu kama Mimikatz za kuchota hicho kitu, fundi bado yuko kwenye ngazi anarudi ofisini. Kuanzia hapo mvamizi hahitaji hata kuijua paswedi yenyewe.

Kwahiyo gaweni ngazi tatu. Adimini wa domeini anaingia kwenye domeini kontrola (seva inayoisimamia domeini) peke yake na popote pengine amezuiwa kwa Group Policy, sera za Windows zinazotekelezwa zenyewe, siyo kwa kuombwa. Adimini wa seva anaishia kwenye seva. Fundi wa kompyuta za ofisini ana akaunti yake ya kompyuta za ofisini. Akaunti za watu wa ngazi ya juu ziingizeni kwenye kundi la Protected Users, lipo tangu Windows Server 2012 R2, ila jaribuni na mtu mmoja kwanza maana linakataa njia za zamani za kuingia na mifumo mikongwe inaweza kulalamika. Na adimini wa domeini wakibaki watatu wanatosha kabisa.

kifaru_254

Salamu kutoka Kenya. Hiyo ya printa nimeicheka kwa uchungu, hata huku ni hivyo hivyo. Dawa yake iko na ni bure, inaitwa Windows LAPS. Inaipa kila kompyuta paswedi yake tofauti ya adimini wa hapo ndani, inaibadilisha yenyewe, ukiacha ilivyo ni herufi 14 kila siku 30, na inaihifadhi kwenye Active Directory (daftari la akaunti la domeini) ambako mafundi mliowaruhusu tu ndio wanaona. Zamani ilikuwa ya kudownload kando, lakini tangu masasisho ya Aprili 2023 imo ndani ya Windows yenyewe, Windows 10, 11, Server 2019 na 2022. Fundi akienda kwa sekretari anatoa paswedi ya kompyuta ile, anamaliza kazi, na hata ikiibwa inafungua kompyuta moja tu.

Kuhusu Excel, ifute leo. Watu tisa KeePassXC, programu ya bure ya kutunza paswedi, inawatosha, faili moja imefungwa kwa paswedi ndefu pamoja na faili la ufunguo, mnaiweka kwenye seva, kila mtu anafungua. Haina server ya kutunza, haina license, hata stima ikipotea unaifungua kwa laptop yako. Sioni mbona watu wanakimbilia vitu vikubwa.

Na bosi akuelewe pia upande wa sheria. Huku tuna sheria ya data ya 2019 na nyinyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi 1 Mei 2023. Chuo kinashika taarifa za wanafunzi elfu nyingi, zikivuja kwa sababu root ilikuwa kwa WhatsApp hapo utetezi utatoka wapi?

Binti_Unguja

Assalaam alaykum jamani. Kaka kifaru kwenye LAPS nakubali mia kwa mia, kwenye KeePass kwa timu ya watu tisa hapana, na sababu iko kwenye swali la mwenye uzi. Tatizo lao ni mtu aliyehama. Faili la KeePass mtu akishalikopi kwenye flashi ameondoka nalo lote na hakuna namna ya kumnyang'anya, na hujui nani alifungua paswedi ipi. Pia mtu wa mtandao anaona mpaka za databesi ambazo hazimuhusu. KeePass ni nzuri sana kwa mtu mmoja au wawili wanaoaminiana.

Hapo bora Vaultwarden au Passbolt toleo la bure, hizi ni sefu za paswedi za timu, unaweka kwenye seva ndogo tu, kila mtu anaingia kwa jina lake na uthibitisho wa hatua mbili, unagawa makundi, wa mtandao waone za swichi, wa databesi waone za databesi. Mtu akihama unafunga akaunti yake kisha unabadilisha zile alizokuwa anaona, na orodha unayo, hubahatishi. Na ile hatua ya pili isiwe ujumbe wa simu kama mnaweza kuepuka, tumieni programu ya kwenye simu, na kwa wale adimini wakuu nunueni funguo za USB za FIDO2 (vifaa unavyochomeka kuthibitisha ni wewe), mbilimbili kila mtu, moja ya kazi na moja ya akiba.

Lakini kuna mtego hapo, naomba muusikilize. Watu huweka hiyo sefu juu ya klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) ileile ya seva zao. Siku umeme umekatika, jenereta ikachelewa, betri zikaisha, klasta yote chini. Umeme umerudi, unataka kuiwasha klasta, paswedi ya klasta iko ndani ya sefu, na sefu imo ndani ya klasta. Mko watu watano chumba cha seva mnatazamana. Kwahiyo sefu ikae kwenye mashine ya peke yake, na nakala yake iliyosimbwa itoke nje kila siku.

Halafu bahasha. Msidharau bahasha. Chukueni paswedi chache zile ambazo bila hizo hamuinuki, ya klasta, ya domeini, ya faiawoli kuu, ya sefu yenyewe na ya bakapu. Zitengenezwe na mashine, zichapwe kwenye karatasi kwa printa iliyochomekwa kwa waya siyo ya mtandao, kwa herufi ambazo 0 na O zinatofautiana, maana usiku wa dharura mtu akisoma vibaya mara kadhaa akaunti inajifunga. Bahasha ya kaki, gundi, watu wawili wanasaini juu ya mdomo wa bahasha na tarehe, juu ya saini selotepu. Inakaa kwenye kasha la chuma la mhasibu, siyo ofisi ya TEHAMA. Daftari la kusaini aliyeichukua, saa ngapi, kwa sababu gani. Ikifunguliwa, hata kama ni kwa sababu njema, paswedi zote za ndani zinabadilishwa na bahasha mpya inafungwa. Na kila muhula mtu mmoja akafungue moja akajaribu kama inaingia kweli.

kifaru_254

Sawa dada, hapo kwa mtu aliyehama umenishika. KeePassXC basi ibaki kwa ile nakala ya nje.

Mtu_wa_Seva

Aisee nashukuruni sana, dada hiyo ya sefu kukaa ndani ya klasta ndo ingetukuta sisi, maana venda alitaka kuiweka hukohuko. Bahasha nimeiandika kwenye rasimu. Sasa nirudi kwenye databesi. Mfumo wa matokeo unaingia kwenye SQL Server kwa akaunti ya sa, ndiyo, sa yenyewe, ile kuu yenye mamlaka yote ya SQL Server, na kuna mifumo mingine ya ndani inatumia hiyohiyo lakini hakuna anayejua ni mingapi. Aliyetengeneza baadhi hayupo. Hapo ndo hofu ilipo.

Fundi_Mkongwe

Hofu yenu ina msingi, ukibadili tu paswedi ya sa mtagundua mifumo mingine kwa kupigiwa simu. Kwahiyo usiibadili. Fungua akaunti mpya pembeni huku ya zamani ikiendelea kufanya kazi.

Kwanza jua nani anatumia. SQL Server inakuonyesha, angalia sys.dm_exec_sessions, kuna login_name, host_name na program_name, weka kazi ndogo ikusanye hiyo kila dakika chache na kuihifadhi kwenye jedwali. Acheni ikusanye mwezi mzima na uhakikishe mwezi huo una kufunga hesabu ndani yake, maana kuna skripti zinazoamka mara moja tu kwa mwezi, ile ya ripoti ya ada kwa mfano, na hizo ndo zinazoumiza. Kama mna PostgreSQL ni pg_stat_activity, MySQL ni SHOW PROCESSLIST.

Ukishapata orodha, kila mfumo unaupa akaunti yake yenye haki za databesi yake peke yake, kusoma na kuandika kwenye majedwali yake, basi. Mfumo wa matokeo hauna sababu ya kuweza kufuta databesi ya mishahara. Unahamisha mfumo mmoja mmoja kwa kubadili faili lake la konfigi, ukianza na ule ambao ukigoma hakuna atakayelia. Wa matokeo uhamisheni baada ya matokeo ya muhula kutoka na kabla usajili haujafunguka, na tangazeni saa za matengenezo kwa maandishi. Jaribio la kwanza lisiwe kwenye mfumo wenyewe, rudisheni bakapu kwenye mashine ya pembeni mjaribu huko, mtapata na faida ya kujua bakapu zenu zinarudi.

Orodha ikionyesha hakuna tena anayeingia kwa sa, unaizima, huifuti. ALTER LOGIN sa DISABLE. Ikitokea kitu mlikisahau kinagoma, unaiwasha kwa sekunde, unakishughulikia, unaizima tena.

Na huduma zinazokimbia ndani ya Windows kwa akaunti ya domeini, tumieni gMSA (akaunti za huduma zinazosimamiwa na domeini) pale programu inapokubali, ipo tangu Server 2012, domeini yenyewe inatunga paswedi ndefu na kuibadilisha, hakuna binadamu anayeijua, kwahiyo hakuna wa kuhama nayo.

Nuru_TZ

Hiyo konfigi ya Fundi naomba niishike hapohapo. Mkishahamisha, tafuteni na paswedi zilizoandikwa ndani ya skripti, maana sefu hata ya bei gani inaangushwa na hizo. Septemba 2022 Uber waliingiliwa na mvamizi, na yeye mwenyewe alieleza kwamba kwenye foda ya kushea ya ndani alikuta skripti ya PowerShell imeandikwa humo paswedi ya uadimini ya mfumo wao wa kutunza paswedi. Mfumo wa kulipia kabisa, wa aina hiyohiyo venda aliyowaletea. Akaufungua akatoka na za mifumo mingine. Pitieni foda zote za kushea na Git yenu (hifadhi ya msimbo wa programu) mtafute maneno password, pwd, connectionString. Faili la konfigi lisomwe na akaunti ya huduma tu, siyo kila mtu.

Na kubadilisha paswedi kila baada ya miezi mitatu msijibebeshe kama sera ya watu wote, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2017 walishashauri mtu asilazimishwe kubadili bila sababu kwa kuwa anaishia kuongeza namba mwishoni. Hizi za pamoja chache zitakazobaki zibadilishwe mtu anapohama, anapobadilishiwa majukumu, au kukiwa na dalili ya kuvuja. Hapo muwahusishe utumishi, fomu ya makabidhiano ya ofisi iwe na sehemu ya TEHAMA, mtu asipate sahihi ya mwisho mpaka akaunti zake zimefungwa. Vijana wa fildi nao wapewe akaunti za majina yao zinazojifunga zenyewe siku wanayomaliza, kwenye Linux ni chage -E na tarehe, na sudo ya amri mnazowafundisha tu. Wanajifunza vizuri zaidi hivyo.

Mtu_wa_Seva

Sawa wakuu. Nimekaa na bosi leo, profoma ya venda imewekwa pembeni, tumekubaliana kuanza na kuhesabu akaunti na kumpa kila mtu akaunti yake, na mkaguzi tumpe mpango wenye tarehe. Ya yule mwenzetu aliyehama tunaondoa funguo zake za SSH kesho asubuhi, na root tunabadilisha seva kwa seva. Swali la mwisho, wakandarasi. Mfumo wa malipo unatunzwa na kampuni ya nje na wanaingia kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali) muda wowote wanaotaka, paswedi ya kudumu wanayo.

Binti_Unguja

Hiyo iondoeni wiki hii hii kaka, isisubiri mpango. Wekeni Apache Guacamole, ni bure, mkandarasi anaingia kwa brauza kwa jina lake mwenyewe, siyo jina la kampuni, anaunganishwa na seva ile moja tu bila kuiona paswedi yake, na kila anachofanya kinarekodiwa mkaweza kukitazama. Akaunti yake ikae imezimwa. Akihitaji anaandika barua pepe, mnaiwasha kwa saa mlizokubaliana, mmoja wenu anakuwepo, akimaliza inazimwa. Wataanza kulalamika kwamba mnawachelewesha, waonyesheni mkataba, na kama mkataba hausemi kitu kuhusu hilo basi kwenye kuhuisha mkataba kifungu hicho kiingie.

Fundi_Mkongwe

Na wakati wa kuondoa AnyDesk angalia kama hawajaacha akaunti nyingine ya Windows kwenye seva ileile, ya jina la mtoa huduma. Mara nyingi ipo.